Kijivu Kisicho na Kiburi

Tatizo la watu kukosa kazi lilimalizika siku ya Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne. Aliyelimaliza ni Idara ya Mwonekano wa Watumishi. Ilibandika tangazo langoni kwake, na tangazo likaeleza kwa upole kwamba, baada ya utafiti wa muda mrefu, imebainika kuwa watu hawakosi kazi kwa sababu kazi hazipo. Wanakosa kazi kwa sababu wanakwenda kwenye usaili wamevaa vibaya.

Kuanzia siku hiyo, tangazo liliendelea, msailiwa atapimwa kwa mavazi peke yake. Maswali yamefutwa. Yalikuwa yakiwasumbua wasailiwa, ambao hawakuyajua majibu, na yalikuwa yakiwasumbua zaidi wasaili, kwa sababu hiyo hiyo.

Mavazi yenyewe yalielezwa vizuri. Koti la kijivu, vifungo vitatu, mfano wake ukiwa koti la Mkurugenzi mwenyewe, ambalo lilichorwa mbele na nyuma chini ya tangazo ili asipatikane mtu wa kusema hakuelewa. Kijivu kiwe kijivu kisicho na kiburi. Viatu vitoe sauti ya wastani. Mlinzi wa lango atatazama koti wala hatatazama sura, kwa kuwa sura hupotosha. Nafasi ilikuwa moja: karani msaidizi, dawati la karibu na mlango.

Wapo waliocheka. Kucheka ni rahisi. Lakini si haki kuucheka utaratibu kabla haujafanya kazi, na utaratibu huu ulifanya kazi neno kwa neno kama ulivyoandikwa. Taabu ya waliouandika ilianzia hapo.

Kwenye nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya duka la rangi, hakuna aliyecheka. Humo aliishi binti ambaye nyumbani walimwita Kitinda, kwa sababu baada ya kumzaa yeye mama yake alisema basi, imetosha. Kitinda alikuwa amemaliza chuo, akaomba kazi mpaka watu wa posta wakawa wanamuulizia akichelewa, na sasa alikuwa ameitwa kwenye usaili huo. Mama alikwisha kumpa neno: akikosa safari hii, atakwenda kwa Mjomba kusimamia mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa nzuri, na Mjomba alikuwa mtu mwema. Kilichopinga ni kifua. Kitinda alikuwa na pumu, na kifua chake na vumbi la unga havikuwahi kupikika chungu kimoja. Mara ya mwisho alipokwenda kumsalimia Mjomba, alirudishwa nyumbani amebebwa mgongoni.

"Atafunga kitambaa puani," Mjomba alisema. "Mashine haimbagui mtu."

Kwa hiyo, siku moja kabla ya usaili, baraza la familia liliketi sebuleni. Mwenyekiti alikuwa Shemeji, mume wa dada mkubwa wa Kitinda. Alipewa kiti kwa kuwa aliwahi kufanya kazi maofisini. Alikuwa akitengeneza feni za darini. Ni kweli hakuwahi kukaa kwenye dawati, lakini kutoka juu ya ngazi aliyaona madawati mengi.

"Sikiliza, shemeji yangu," alianza. "Ofisini nguo ndiyo inayoingia kwanza. Wewe unafuata nyuma kama mzigo."

"Mzigo wa nani?" Bibi akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Wa nguo, Bibi."

"Enzi zetu nguo ndiyo ilikuwa mzigo. Haya, leteni tuone."

Dada akaleta gauni lake la kijani. Shemeji akalizunguka, mikono mgongoni.

"Hili linasema nini?"

"Gauni halisemi," Dada akajibu. "Limepigwa pasi tu."

"Linasema. Linasema, 'Nimekuja kwenye sherehe, chakula kiko wapi?' Weka pembeni."

Mama akaleta blauzi nyeupe na sketi nyeusi.

"Na hii inasema, 'Nimetumwa kuchukua vikombe.'"

"Hii inasema ni safi," Mama akasema, "na itavaliwa chini ya koti, mahali ambapo haitapata nafasi ya kusema. Tuendelee."

Wakaendelea na viatu. Zilipatikana jozi mbili, zote nyeusi. Bibi alifumba macho ili asikie vizuri, na Kitinda akatembea kutoka mlangoni hadi kabatini.

"Hicho kina kelele ya mtu aliyekuja kugombana," Bibi akatoa hukumu. "Vaa kingine."

Kitinda akavaa kingine, akaenda, akarudi.

"Mbona hutembei?"

"Nimeshatembea, Bibi. Niko hapa nyuma yako."

"Basi hicho ni cha wezi."

Baraza likakwama. Tangazo lilitaka sauti ya wastani, na nyumbani hapakuwa na jozi ya tatu. Shemeji akafikiri, kidole kwenye shavu, halafu akasema jambo ambalo mpaka leo analitaja akitaka watu wamheshimu.

"Wastani ni nini? Ni katikati ya kikubwa na kidogo. Avae mguu mmoja cha ugomvi, mguu mmoja cha wizi."

Kitinda akavaa hivyo, akatembea. Ko, kimya. Ko, kimya. Bibi akafumbua macho.

"Huyo sasa ni karani," akasema.

Likabaki koti. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Tangu tangazo litoke, sokoni kwenye mitumba kijivu kilikuwa kimekwisha, na watu waliochelewa walikuwa wananunua makoti meusi na kuyapaka majivu ya jikoni. Kila mtu alikuwa anajua kwamba juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na koti la kijivu, vifungo vitatu, na kila mtu alikuwa anajua ni la nani. Dada akamtazama mumewe.

"Usinitazame hivyo, mke wangu."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakwambia usinitazame."

"Koti lenyewe halikuingii tangu mwaka wa pili wa ndoa."

"Lile ni koti la harusi. Halivaliwi. Linahifadhiwa."

"Likihifadhiwa zaidi ya hapo," Bibi akasema, "litatoka litafute mke lenyewe."

Koti likashushwa. Lilikuwa halijafifia hata kidogo, na lilinuka dawa ya nondo. Lilipowekwa juu ya mchoro wa tangazo, ambao Kitinda alikuwa ameunakili kwa penseli, hata Shemeji mwenyewe alikubali kwamba lile la harusi na lile la Mkurugenzi yalikuwa kama mapacha. Kitinda akalivaa. Mabega yakashuka mpaka karibu na viwiko.

"Mikono yako imekwenda wapi?" Mama akauliza.

"Imo."

"Ingekaa humo humo," Shemeji akasema. "Ofisini mkono ukionekana unapewa kazi."

Mama alichukua sindano na uzi, akaikunja mikono ya koti ndani na kuishona, shono juu ya shono, kama mtu anayeshona mlango usifunguke tena. Shemeji alisimama pembeni akiumia kila sindano ilipopita.

"Nilioa nalo hilo," akamwambia Kitinda. "Ukiliacha mahali, usirudi kwa mlango huu."

Asubuhi, mlinzi wa lango la Idara alikuwa kazini kwake, macho chini. Alikuwa mtu mtiifu. Aliambiwa asitazame sura, basi hakutazama. Alimtazama kila mtu kuanzia kola kwenda chini. Mbele ya Kitinda alikuwapo kijana mwenye koti la majivu, ambaye alipiga chafya, koti likabadilika rangi, akarudishwa.

"Anayefuata. Kijivu. Kiburi hakuna. Hebu tembea." Ko, kimya. Ko, kimya. "Tembea tena." Ko, kimya. Mlinzi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri. "Wastani kabisa. Ingia, ndugu yangu."

Ukumbi wa kungojea ulikuwa umejaa makoti ya kijivu, na ndani ya kila koti mtu aliyekuwa akitokwa jasho. Madirisha yalikuwa yamefungwa ili upepo usivuruge mwonekano. Kitinda aliketi kwenye kiti cha mwisho. Kwa muda alistahimili, lakini joto lilipozidi, dawa ya nondo iliamka ndani ya koti, ikampanda kifuani. Akakohoa mara moja, mara mbili. Akajua dalili zake. Akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akachukua dawa yake ya kuvuta na kumwendea mhudumu wa chai aliyekuwa akipita na birika.

"Dada, naomba uniangalizie koti lile. Natafuta hewa."

"Hewa iko nje ya lango, mdogo wangu," mhudumu akasema. "Humu ndani hatunayo."

Kitinda akatoka langoni, akavuta dawa, akakaa kwenye benchi la nje mpaka kifua kikatulia. Aliporudi, mlinzi alimtazama kuanzia kola ya blauzi kwenda chini.

"Koti?"

"Liko ndani, kaka. Nimeliacha kwenye kiti."

"Kama koti lako liko ndani, wewe uko ndani. Sasa huyu ninayeongea naye hapa nje ni nani?"

Kwa mgeni, swali hilo lingeonekana la ajabu. Lakini katika Idara ile mambo yalikuwa hivyo kwa miaka, na aliyeyaanzisha ni Mkurugenzi. Kila asubuhi Mkurugenzi alifika mapema, akatundika koti lake kwenye kiti chake kikubwa, akatoka kwenda kwenye shughuli zake, akarudi jioni kulichukua. Aliyechungulia aliona koti, akajua bosi yupo. Hakuna aliyesema uongo. Koti lilihudhuria vikao na likahesabiwa katika akidi. Lilipoulizwa kama lina pingamizi, lilinyamaza, na kwa muda wote huo halikuwahi kumfokea mtu. Watumishi walikuwa wanalipenda.

Kitinda akarudi kwenye benchi. Baada ya muda mhudumu wa chai akaja kwenye uzio, birika mkononi.

"Mdogo wangu, koti lako limeitwa."

"Limeitwa? Likafanyaje?"

"Limekwenda. Waliita jina lako, hakuna aliyejibu, wakaona koti lipo. Wamelibeba na kiti chake."

"Dada, waambie mimi niko huku."

"Nimewaambia. Katibu amesema usaili ukianza hakuna kuingia."

Mhudumu akarudi kwenye vikombe vyake. Kitinda alikaa akiangalia viatu vyake, cha ugomvi na cha wizi, na akaanza kuisikia mashine ya Mjomba kwa mbali, ingawa ilikuwa mtaa mwingine kabisa.

Hapo akatokea mwanamume mnene, amenyolewa vizuri, mikono ya shati imekunjwa, mkononi ana kopo la rangi ya kupaka nyumba. Alitembea kuelekea langoni bila kupunguza mwendo, kama watu wanaofunguliwa.

"Koti?" mlinzi akauliza.

"Liko ndani."

"Leo kila mtu koti lake liko ndani. Kaa pale kwenye benchi na mwenzako."

Mwanamume akasimama. "Wewe, unanijua mimi ni nani?"

"Bado. Huna koti."

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko ndani tangu asubuhi," mlinzi akasema kwa upole. "Nimemwona kwa macho yangu, ametulia kwenye kiti. Hajatoka hata kwenda msalani."

"Lile ni koti langu."

"Mzee, chunga ulimi wako. Huwezi kumwita Mkurugenzi koti."

"Nitazame usoni."

"Tangazo limekataza. Hii hapa sahihi ya Mkurugenzi."

"Hilo tangazo nililiandika mimi."

"Basi hongera, uliandika vizuri. Tulielewa wote."

Mwanamume akaketi, kopo la rangi kati ya miguu. Kitinda, aliyelelewa vizuri, akamsalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Binti, wewe ni shahidi. Mwambie huyu mtu mimi ni nani."

Kitinda alifikiri kabla ya kujibu. Hakupenda kusema asilolijua. "Samahani, mzee wangu. Mkurugenzi sijawahi kumwona. Koti lake nalijua, nimelisoma mbele na nyuma."

Mhudumu wa chai akarudi kwenye uzio, safari hii anakimbia, kifuniko cha birika kikigongagonga.

"Limefaulu."

"Nani?"

"Koti lako. Limewashinda wote. Katibu amesema halikujigamba, halikumkatiza mtu maneno, na muda wote lilikuwa limemwelekea Mkurugenzi kwa adabu. Linaanza kazi leo hii."

"Na Mkurugenzi alisemaje?" akauliza mwanamume mnene.

"Hakupinga."

"Mkurugenzi ni mimi."

Mhudumu akamkagua. "Wewe? Mimi Mkurugenzi namjua. Namwekea chai kila siku, anaiacha, halafu nainywa mimi. Bosi mwenye roho kama ile humpati. Wewe sikujui."

Huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza mwanamume huyo kusikia anavyosifiwa.

Kitinda akasimama, akashika waya wa uzio. "Dada yangu, nisikilize. Koti likianza kazi na mimi nikabaki huku nje, koti litapata dawati, mimi nitapata mashine ya unga. Mashine itaniua. Nitolee koti langu, nivae, niingie, nikae mwenyewe."

Mhudumu alikuwa mtu wa huruma. Akaenda. Aliporudi alikuwa amebeba makoti mawili ya kijivu, moja kila mkono.

"Nimeyakuta yamekaa uso kwa uso, sikujua lipi la nani," akasema. "Kwa hiyo nimemwomba Mkurugenzi naye atoke kidogo."

Makoti yakapita juu ya uzio. Moja lilikuwa safi, rangi yake mbichi, kola imesimama. La pili lilikuwa limechoka. Bega la kushoto lilikuwa limefifia kwa jua la dirishani, na mgongoni lilikuwa na vumbi ambalo halikuwahi kusumbuliwa. Mwanamume mnene akayatazama mara moja tu, akanyoosha mkono kwenye lile safi.

"Langu hili."

"Mzee, hilo nadhani ni la shemeji yangu," Kitinda akasema.

"Binti, mimi ni mkurugenzi wa mwonekano. Unadhani naweza kuvaa kitu kama hicho?" Akaonyesha lile lililochoka kwa kidevu, akaingiza mikono kwenye lile safi. Mikono yake ikatokeza mpaka karibu na viwiko, na mgongoni pakalia kitu. "Limeniminya kidogo. Mambo ya kunenepa."

Hatuna budi kumwelewa. Koti lake alikuwa analivaa kutoka langoni hadi kwenye kiti, na mara moja tena jioni kurudi langoni. Hakuwahi kukaa nalo. Hawakuzoeana.

Kitinda akabaki na lile jingine. Kama angebaki bila koti asingeingia kamwe, na yeye alitaka kuingia ili aeleze. Akalivaa. Wakaenda langoni wote wawili. Mlinzi akainua macho mpaka kwenye kola, akaona bega la kushoto, akapiga saluti iliyotikisa mti wa lango.

"Karibu, Mkurugenzi."

"Asante," akasema mwanamume mnene.

"Si wewe." Mlinzi akamgeukia, akaona rangi mbichi, akakumbuka aliloambiwa kwa simu kuhusu koti lililofaulu. "Wewe ndiye karani mpya. Hongera. Fuata nyuma, usimtangulie bosi."

Ko, kimya. Ko, kimya. Kitinda akapita ukumbini, na makoti yote ya kijivu yakasimama. Katika chumba cha usaili walikuwapo wawili: Katibu, mama wa miwani, na Mjumbe, ambaye kazi yake ilikuwa kuafiki. Nao wakasimama.

"Jamani, mimi siye Mkurugenzi," Kitinda akasema. "Mimi nilikuja kwenye usaili. Makoti yamebadilishana."

Mjumbe akamshika Katibu mkono. "Anaongea," akanong'ona. "Nimekaa naye miaka, sijawahi kumsikia."

"Leo ana furaha," Katibu akasema. "Ana utani. Karibu kiti chako, Mkurugenzi."

Kitinda akaketi ili apate kueleza vizuri. Vumbi la miaka likapanda kutoka mgongoni mwa koti, likamwingia. Akakohoa. Akakohoa tena.

Katibu akachukua kalamu. "Mkurugenzi amekohoa. Tuandike ameafiki au amekataa?"

"Mara mbili," Mjumbe akasema. "Angekataa angekohoa mara moja."

"Ameafiki. Ajira ya karani imethibitishwa."

Karani mwenyewe akaingia kwa kishindo, kopo la rangi mkononi. "Mimi ndiye Mkurugenzi wenu. Huyu binti amevaa koti langu."

Katibu akashusha miwani kidogo, akalitazama lile koti zuri kwa masikitiko ya kweli. "Karani, ulipokuwa kwenye kiti hapa ulikuwa na adabu. Tukakusifu. Umepata kazi sasa hivi tu, tayari umeshabadilika."

"Nitawathibitishia. Muhuri wa ofisi umo mfukoni mwangu." Akaingiza mkono, akatoa kitambaa cha mkononi kilichotariziwa mioyo miwili myekundu na maneno *Bwana Harusi*. Mjumbe akageuka upande ili asimwaibishe mtu siku yake ya kwanza.

Kitinda akagusa mfuko wake. Muhuri ulikuwamo. Akautoa, akamnyooshea mwenyewe. "Chukua, mzee wangu. Mimi natafuta lile dawati la mlangoni tu."

"Dawati la mlangoni limeshapata koti," Katibu akasema. "Na muhuri hauhami koti. Ni kanuni yako mwenyewe, Mkurugenzi, kifungu cha tatu."

"Kifungu cha tatu niliandika mimi," karani akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. Alikuwa anakijua kifungu cha tatu. Alikiandika ili asinyang'anywe muhuri akiwa hayupo.

Kitinda alikuwa ameeleza langoni, ameeleza ndani, ameeleza na muhuri mkononi. Alijiuliza kama ameficha kitu, akaona hajaficha. Alijiuliza kama kuna kazi nyingine iliyobaki mjini isiyo na unga ndani yake, akaona haipo. Akaweka muhuri mezani.

"Basi fungueni madirisha," akasema.

Madirisha yakafunguliwa. Halafu akafanya jambo ambalo Idara haikuwahi kuliona. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, na *akabaki*. Alikaa kitini na blauzi ya mama yake, akauliza mafaili ya leo yako wapi. Habari zikaenea vyumbani kama harufu ya kitu kinachoungua: Mkurugenzi yupo na koti halipo juu ya kiti. Watu waliokuwa wameacha makoti wakaanza kurudi mmoja mmoja kutoka sokoni, wengine na mboga mkononi, wakapitishiwa makoti yao juu ya uzio, wakaingia, wakaketi na kushangaa jinsi viti vyao vilivyo vigumu.

Karani mpya naye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mchana alivua koti la harusi kwa taabu, akalitundika kwenye kiti cha karibu na mlango, akachukua kopo lake na kuelekea langoni. Mafundi wa nyumba yake walikuwa wanamngoja.

"Unakwenda wapi?" mlinzi akauliza.

"Koti langu liko kwenye kiti."

"Lipo, ndiyo. Lakini koti la karani msaidizi haliruhusiwi kukaa peke yake. Kifungu cha mwisho. Ruhusa hiyo ni ya wakubwa tu." Akaonyesha tangazo. "Ona, sahihi yake. Mzee alikuwa anajua nyinyi makarani mtafanya nini."

Karani akalisoma tangazo lote, kuanzia juu. Hakupata mahali pa kupita. Akarudi ndani, akavaa koti, mikono ikatokeza, akakaa kwenye dawati la karibu na mlango mpaka saa ya kutoka. Chai ilipoletwa aliinywa yote, na mhudumu akalalamika jikoni kwamba kazi imeharibika, kwamba lile koti la zamani lilikuwa na ubinadamu.

Jioni hiyo Kitinda alifika nyumbani, kifua kimetulia, akawaeleza wote kwa utaratibu kama yalivyotokea. Mama alikaa chini. Bibi alimwambia arudie sehemu ya kikohozi. Shemeji alisubiri mpaka mwisho, macho kwenye mabega ya Kitinda, yaliyokuwa na blauzi peke yake.

"Hayo yote nimeyasikia, hongera," akasema. "Koti langu liko wapi?"

"Limeajiriwa, shemeji."

"Linarudi lini?"

"Likistaafu."

Shemeji akatazama juu ya kabati, kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa mtupu.

"Na huyo mtu aliye ndani yake," Bibi akauliza, "anaweza kazi?"

Kitinda akavua kiatu cha ugomvi, halafu cha wizi, akavipanga pamoja ukutani.

"Bado mgeni, Bibi. Leo amejifunza kukaa."